Mto Ukichafuka, Siku ya Yenga Nayo Ina Bei

Ndugu vijana wa Wamaza, na nyinyi wote wa Kasongo na Kabambare,

Juu ya zahabu, hesabu haikosi kwetu: gramu ngapi, bei gani, kodi ngapi. Juu ya mto wenye kugeuka matope, wanahesabu samaki na mashamba, basi. Vijana wenye kumaliza mpira na kujitupa mayini, mama mwenye kupumzika pembeni ya mto na watoto siku ya yenga, hayo wanaita mchezo.

Mimi nilisoma uchumi (kazi bado!), na kuna njia mwepesi ya kuhesabu mchezo huo. Mwaka 1947, mwanauchumi wa Marekani Harold Hotelling aliandikia wakubwa wa mbuga za kwao: angalieni gharama watu wanatoa ili kufika. Kwetu vilevile. Kijana akipita kijito cha karibu juu wachimbaji wamekitia matope, akatembea saa moja zaidi ao akalipa moto mpaka penye mayi safi, ile saa na ile nauli ni bei ya usafi wenye kupotea. Tuseme watu mia moja, saa mbili kwenda na kurudi: saa mia mbili kwa yenga moja tu.

Njia ingine ni kuuliza watu wangelipa ngapi. Kisha meli Exxon Valdez kumwaga mafuta kule Alaska mwaka 1989, waliuliza Wamarekani wangetoa ngapi ili ajali kama ile isirudilie. Jumla ikafika dola bilioni 2.8. Uliza hapa mtu asiye na makuta, atasema sifuri. Hapo ni umaskini umejibu, hapana mto. Ndiyo maana tuhesabu masaa pia, si franka peke yake.

Tena matope yanaonekana, zebaki haionekani. Pale watoto wangali wanaogelea, hesabu itasema hakuna hasara, na pengine ndipo iko kubwa zaidi. Kwanza mayi yapimwe.

Katiba, kifungu cha 53, inapatia kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria ya madini ya 2018 inapatia sekta na chefferie penye kuchimbwa asilimia 15 ya mrabaha. Tunaomba sehemu yake ipime mayi ya vijito vyetu, na majibu yasomwe sokoni mbele ya watu wote. Kuhesabu waogeleaji, sisi tutafanya bila malipo. Daftari tuko nazo.