Safari Rally: kabla ya kushangilia, tuulize barabara ni ya nani



Kila mara Safari Rally inapokimbia kule Kenya, simu zetu zinajaa video. Magari yanaruka katika vumbi ya Naivasha, na sisi huku Kivu tunapiga kelele kama vile ni timu yetu inacheza. Halafu hakosi mtu wa kuandika: « Mulete hiyo mashindano kwetu, kila shofere wa Ngomo atapata kombe! » Tunacheka. Lakini kicheko hiyo iko na uchungu ndani yake, na njo maana tunataka tuzungumze kidogo juu ya historia ya mbio hizi.

Zilianza mwaka 1953, mwisho wa mwezi wa tano, siku chache mbele ya Elizabeth wa Pili kuvikwa taji kule London. Jina lake la kwanza lilikuwa Coronation Safari. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilometa, usiku na mchana. Yalikuwa magari ya kawaida ya dukani, na yaligawanywa kufuatana na bei yake. Tukumbuke pia Kenya ilikuwa katika hali gani: tangu mwezi wa kumi 1952 Waingereza walikuwa wametangaza hali ya hatari. Katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wanawindwa, na raia wengi walikuwa wanafungwa. Kwa walowezi, nchi hiyo ya milima ilikuwa uwanja wa sherehe. Kwa wenye nchi, ilikuwa uwanja wa vita. Neno « safari » lilikuwa letu, sherehe ilikuwa ya wengine.

Mwaka 1960 jina likabadilika, ikawa East African Safari. Wenyeji wakaanza kuichukua polepole. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya mwenye asili ya India, alishinda 1965 na Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika. Alishinda tena 1974 na 1976, na watu wakamuita Simba wa Kenya. Madereva wakubwa wa Ulaya walikuwa wanakuja na kushindwa. Ilifika 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finlandi akawa wa kwanza kutoka nje kuichukua.

Walishindwa ju ya nini? Barabara. Mbio zilikuwa zinafanyika wakati wa Pasaka, majira ya mvua. Milima ya Usambara, miinuko ya Mbulu, vilima vya Taita, mteremko wa bonde la Kerio: udongo ukilowa, gari ya bei kubwa na ya bei ndogo zote ni sawa. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza, saba tu yakafika. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, tena saba tu yakafika. Miaka hiyo yote miwili alishinda Nick Nowicki na Peugeot 404. Na barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano: mbele ya dereva kungeweza kutokea basi, ngombe, ao mama na mzigo wake wa kuni. Gari ikizama katika potopoto, wanakijiji njo walisukuma. Majina yao hayako kwenye kombe lolote.

Kuna mtu mwingine vijana wanapaswa kumjua: Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari, mwaka ule ule mbio ziliingia katika ubingwa wa dunia. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ushindi tano kwa jumla. Uganda ilimfukuza bingwa bila kujua.

Na siasa haikuvunja maisha ya watu tu, ilivunja hata njia. Katikati ya miaka ya 1970, mbio za nchi tatu zilibaki za Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikaanguka. Barabara inayounganisha watu inahitaji viongozi wanaosikilizana. Wakigombana, magari yanabaki kuzunguka nyumbani.

Baada ya 2002 Safari ikaondolewa kwenye kalenda ya dunia. Ilirudi 2021, na serikali ya Kenya ilisimama nyuma yake. Sasa ni fupi, barabara zinafungwa, kila kitu kimepangwa kwa kamera. Ni sawa, hatuwaonei wivu. Ila mbio hizi zinatuonyesha jambo moja: serikali ikitaka gari ipite mahali, inajua namna ya kufanya. Inatuma mashine, inatuma polisi, inaweka madaktari.

Sasa turudi kwetu. Kati ya Bukavu na Uvira, pale Ngomo, tulisha kaa nyuma ya kamyo iliyolala katikati ya barabara. Jua likazama, wamama wakaona nyanya zao zinaoza, na vijana wa pale wakaanza kuchimba na majembe yao wenyewe. Kila siku hiyo ni rally, na hakuna helikopta, hakuna daktari, hakuna anayeandika muda. Ila kwenye vizuizi, anayedai pesa yuko kila wakati.

Tangu 2022 nchi yetu ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuliambiwa biashara itapita. Itapita wapi?

Kwa hiyo hatusemi muache kuangalia rally. Patrick Njiru mwaka 1993 alifika mwisho na kagari kadogo ka Subaru Vivio, wakati Colin McRae, akiwa na ka aina ile ile, hakufika. Hiyo inafurahisha, muangalie! Lakini siku kiongozi atakuja kutuahidi mashindano makubwa ao sherehe yoyote katika milima yetu, tumuulize maswali matatu. Barabara itabaki baada ya wageni kuondoka? Pesa ya péage tunayolipa leo inaenda wapi? Na wale wanaosukuma kamyo katika potopoto, watapata nini?

Asipojibu, tusimpigie makofi.