Homa ya Bonde la Ufa: Onyo bila chanjo haliokoi bucha

MWANZONI mwa mwaka 2007 walaji wengi jijini Dar es Salaam waliikimbia nyama ya ng'ombe na mbuzi. Waliozoea kununua buchani Kariakoo waligeukia kuku, wengine samaki wa Feri, Kivukoni. Sababu ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Hadi Mei 3 mwaka huo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuwa limeorodhesha wagonjwa 264 nchini, 109 kati yao wakiwa wamefariki dunia. Mkoa wa Dodoma, ambao baadhi ya mifugo yake huletwa mnada wa Pugu, ndio ulioathirika zaidi.

Kinachouma ni kwamba hatari hiyo ilionekana mapema. Kuanzia Septemba 2006, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakifuatilia kwa satelaiti joto la bahari, mvua na ukijani wa malisho walitoa tahadhari kwa Afrika Mashariki. Desemba ugonjwa ukaibuka Garissa, Kenya. Januari ukawa umeingia Tanzania.

Ufuatiliaji huo unawezekana kwa sababu ugonjwa hufuata maji. Virusi hudumu kwa miaka ndani ya mayai ya mbu yaliyo kwenye udongo wa mabonde. Mvua kubwa zikituama, mbu huanguliwa, huuma mifugo, na mimba huanza kutoka kwa wingi zizini. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu na nyama mbichi, hivyo anayechinja yuko hatarini kuliko anayekula nyama iliyoiva.

Hata hivyo, onyo pekee halitoshi. Mnyama aliyechanjwa huhitaji siku kadhaa kujenga kinga, na kuchanja wakati mlipuko umeshaanza kunaweza kusambaza virusi kwa sindano. Watengenezaji nao hawaweki akiba kubwa ya chanjo ambayo huhitajika kwa wingi mara moja baada ya miaka mingi.

Kwa maana hiyo, fedha zinazosubiri mgonjwa wa kwanza huwa zimechelewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotabiri mvua za El Nino, kama ilivyofanya mwaka 2023, utabiri huo ndio unaopaswa kufungua fungu la chanjo, huku ofisa mifugo wa kijiji akiwezeshwa kuripoti haraka mimba zinazotoka. Vinginevyo mfugaji atapoteza ndama, na mwenye bucha Kariakoo atakosa wateja hata kama nyama yake ni salama.