Lokomotivu mpya juu ya reli ya babu: inaenda wapi?

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare,

Kila mara mkubwa anaposhuka Kindu, treni inarudi ndani ya hotuba. Tunapiga makofi, mwaka unapita, na muchele unabaki kwenye magunia. Safari hii tuulize swali la fundi: lokomotivu gani, na juu ya reli gani?

Njia ya Kindu–Kongolo, kilometa 355, ilifunguliwa 1911 na kampuni ya CFL. Waliotoa jasho ni babu zetu, na hawakuombwa kama wanapenda. Reli zilikuwa na upana wa meta 1. Mwaka 1955 zikapanuliwa kuwa milimeta 1067, sawa na za Katanga, na 1956 kipande cha Kabalo–Kamina kikaunganisha zote.

Kule Katanga sehemu kubwa inavutwa na umeme tangu miaka ya 1950. Kwetu hakuna waya, ni mazutu tu. Na watu wengi hawajui: katika masini hizi, moteri ya mazutu haigusi magurudumu. Inazungusha jenereta, halafu umeme unaingia kwenye moteri zilizofungwa kwa ekseli. Njo maana inaweza kung'oa mzigo mzito polepole, bila gia kama za lori.

Mwaka 1956 General Electric ya Marekani ilitangaza familia ya U, kwa ajili ya kuuza nje. Tuangalie U20C, ya nguvu ya katikati. 20 ni nguvu za farasi karibu 2000; C ni ekseli 3 kila upande, jumla 6. Uzito unagawanyika, hata reli nyepesi inavumilia. Zambia jirani wetu ilizitumia tangu miaka ya 1960. Kenya ilichukua kaka yake, U26C, mwishoni mwa miaka ya 1970, na miaka 40 baadaye zilikuwa bado zinavuta mizigo. Hakuna uchawi pale. Zilipata piesi na mafundi.

Sisi je? SNCC ilipata lokomotivu mpya kupitia mradi wa PTM, uliolipwa na Benki ya Dunia. Vizuri. Lakini masini mpya juu ya traversi zilizooza itatembea kama mzee mwenye fimbo, ao itaanguka. Machi 2022, pale Buyofwe, Lualaba, treni ya mizigo ilianguka na watu zaidi ya 70 wakafa. Walikuwa wanafanya nini juu ya treni ya mizigo? Waliipanda kwa sababu ya watu haikuwepo.

Wengine watasema Kabambare ina dhahabu. Ndiyo, lakini dhahabu inaingia mfukoni, haihitaji treni. Muchele, karanga na mafuta ya ngazi ndivyo vinaihitaji, na leo vinasukumwa juu ya kinga kwa siku nyingi, kijana akitoa jasho kwa faida ya kilo chache.

Basi tunadai, kwa amani na bila kuchoka: SNCC ibandike kwenye gare za Kindu na Samba hesabu ya lokomotivu zinazotembea kweli upande wetu, kilometa za reli zilizotengenezwa, na tarehe ya treni ya watu. Wabunge wetu waulize swali hilo kwa maandishi huko Kinshasa. Na kazi ya kubadilisha traversi ipewe vijana wa vijiji vya njiani, kwa mtihani wa wazi, si kwa barua ya mjomba.