Mcheza Kwao Hutunzwa, Ila Runingani

Jioni moja ya muhula wa pili, mwaka juzi, kaka yangu alinialika nyumbani kwake kutazama taarifa ya habari. Binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa ameiongoza timu ya voliboli ya shule yao katika fainali ya kaunti, na mpiga picha wa stesheni moja ya runinga alikuwa ameonekana uwanjani. Majirani walifika mapema. Mama yetu mzazi akawekewa kiti cha mbele, naye akavaa miwani ambayo kwa kawaida huivaa kanisani tu.

Saa moja ikagonga. Tulizistahimili siasa, tukazistahimili tena ziliporudiwa, mpaka michezo ikaja ikiwa imebakiza dakika tatu hivi. Nyingi za dakika hizo zilikwenda Uingereza, kwa mechi iliyochezwa siku iliyotangulia na ambayo vijana waliokuwa pale sebuleni walikuwa wameitazama yote, moja kwa moja. Kisha, kwa muda wa kupepesa jicho, tukawaona wasichana wakiruka wavuni. Msomaji akasema kwamba mambo yalikuwa moto mashinani, akatutakia usiku mwema. Jina la shule halikutajwa, la binti wala la kaunti. Mama akanigeukia mimi, msomi wa familia, akauliza: "Ndiyo hiyo tu, mwanangu?"

Wakubwa wa vyumba vya habari wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Hudai kwamba mtazamaji wa leo ni shabiki wa Arsenal na Manchester United kabla ya kuwa wa Gor Mahia au AFC Leopards. Kwamba wenye matangazo ya biashara, kampuni za kamari zikiwa mstari wa mbele, huufuata umati ulipo. Na kwamba gari la stesheni likitumwa Kitale kufuata mpira wa shule, halitakuwapo mwanasiasa atakapoitisha kikao na wanahabari. Ndivyo hesabu zao zilivyo. Lakini hesabu hizo zilipigwa zamani. Anayeipenda ligi ya Uingereza ameshaitazama kwa satelaiti, au kibandani kwa kiingilio kidogo, au ameyapata matokeo katika simu yake kabla ya refa kufika chumba cha kubadilishia nguo. Stesheni isiyo na haki za kuonyesha mechi hiyo humpa picha mgando na matokeo anayoyajua. Huo ni uporo, tena uporo wa jungu la jirani. Fainali ya wasichana wale, kwa upande mwingine, haikuwa na mlango wa pili. Ama mhariri angetuonyesha yeye, ama tusingeiona kamwe.

Tulilishuhudia jambo hili mwezi Agosti 2025, Kenya ilipoandaa mashindano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Mashindano hayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Tarehe 10 mwezi huo Harambee Stars waliilaza Morocco 1-0 katika uwanja wa Kasarani, kwa bao la Ryan Ogam wa Tusker, na Morocco hao hao ndio walioondoka na kombe. Nchi nzima ilizungumza kandanda. Lakini niliwasikia watu wazima wakiulizana kijana huyu ametoka wapi. Alikuwa ametoka kwenye ligi yetu wenyewe, ambayo taarifa za jioni huipitia kama mtu anayeruka dimbwi.

Sasa niruhusiwe kuingia katika shamba langu, nalo ni lugha. Kizazi changu kilijifunza sehemu kubwa ya Kiswahili kwa kutegea sikio redio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga mwaka 2025, alipotangaza mechi alilazimika kutuchorea uwanja kwa maneno, maana hatukuwa na macho mengine. Ndiko tulikookota kuotea, kimiani, chenga, mkwaju na mlinda lango, tukayapeleka katika insha zetu, na mwalimu akayapigia alama ya vyema. Kazi ya mtangazaji wa runinga ni tofauti, na nadhani hapa ndipo anapoteleza. Mpira umeingia wavuni, nimeuona. Ninachokihitaji kwake ni kile ambacho picha haikisemi: mfungaji ni nani, amelelewa na kocha gani, na kwa nini mzee yule jukwaani analia. Badala yake hunisimulia ninachokiona, tena kwa Kiswahili kilichofasiriwa kutoka taarifa za mashirika ya ng'ambo. Mechi "huchukua mahali" badala ya kuchezwa, na timu hushinda "mwisho wa siku" hata zinapocheza asubuhi. Majina ya Wafaransa na Wahispania huyafanyia mazoezi mpaka yakamkaa ulimini. Akifika kwa msichana wa Machakos au wa Kapsabet, hujikwaa.

Chukua mbio za kuruka viunzi na maji. Wanaume wa Kenya walitwaa dhahabu katika kila Michezo ya Olimpiki tuliyoshiriki kuanzia 1968 hadi 2016. Mwaka 2021 kule Tokyo, na tena Paris mwaka 2024, dhahabu hiyo ilikwenda kwa Soufiane El Bakkali wa Morocco. Hiyo ni habari ya kumkosesha mhariri usingizi. Nani aliyetumwa bondeni kuwauliza makocha mazoezi yamebadilika vipi, au mashuleni kuuliza ni ngapi zilizo na kidimbwi cha kurukia? Katika taarifa nilizozitazama mimi, medali zilihesabiwa, tukahamia kwenye hali ya hewa.

Sidhani dawa yake ni fedha nyingi. Michezo ya shule huwa na ratiba, tena hujulikana mapema. Walimu wa michezo wana orodha za wachezaji mifukoni, zimeandikwa kwa mkono, na wangefurahi kuombwa. Vyuo vikuu vyetu vinatoa vijana waliosomea Kiswahili na uanahabari ambao wangekubali kukaa kaunti moja msimu mzima kwa nauli na ujira wa wastani. Linalohitajika ni mhariri mkuu mmoja wa kuamua kwamba michezo ya nyumbani itatangulia, na ya Uingereza itafuata iwapo dakika zitabaki.

Binti wa kaka yangu amekwisha kumaliza shule, lakini timu ipo na kocha ni yule yule. Mpiga picha atakapofika tena uwanjani pale, naomba aje na kijidaftari, amwendee kocha kabla ya kipenga, na ayaandike majina yote, ya walioko benchi yakiwamo.