Mastaa Mnatuulia Kamba! Mimea ya Akwariamu Siyo Pambo la Selfie

Jina kapuni, ila mnamjua. Ni yule dada wa kwenye video za nyimbo ambaye siku hizi kila stori yake ina tanki la samaki nyuma ya kochi: kamba wekundu wadogo, zulia la majani mekundu chini, taa kali, na mtungi wa gesi ya kaboni pembeni kama jiko la mama lishe. Komenti zote ni "na mimi naitaka". Sasa hadi wadau wa Mbinga, kule Mpepai kwenye baridi na kahawa, wanauliza watapata wapi ile mimea.

Sina shida na hela zake. Shida ni kuuza picha bila kusema ukweli. Ile mimea ya zulia jekundu ndiyo yenye gharama na usumbufu: inataka gesi, mwanga mkali na mbolea ya mara kwa mara. Gesi ikizidi, kamba wanakosa pumzi. Mbolea au dawa yenye shaba nyingi, wanaondoka mazima. Ukiona mtu kila mwezi anaposti kamba "wapya", jiulize wa zamani walienda wapi.

Kwa tanki dogo la lita 20 hivi, mimi nasema anza na java mosi. Haina mizizi ya kuhangaisha, unaifunga kwa uzi kwenye jiwe au kijiti, umemaliza. Kamba wanaipenda kwa sababu kwenye vijani vyake huota utando mwembamba wanaoula kutwa nzima, na watoto wao, wadogo kama punje ya ulezi, wanajificha humo. Ya pili ni anubiasi, Mwafrika mwenzetu kutoka Afrika Magharibi na Kati. Inakua polepole hadi unaweza kudhani imekufa, na mwanga hafifu unaitosha. Usilifukie tu lile shina nene linalotambaa, litaoza. Nalo lifunge kwenye jiwe.

Sasa njoo kwetu. Ziwa Nyasa lenyewe lina valisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, na honwoti, ile laini kama mkia wa paka. Zote mbili rahisi kuliko za dada. Valisneria unapanda mchangani inazaliana yenyewe. Honwoti unaitupa tu ielee.

Lakini tusidanganyane, kukimbilia Mbamba Bay kuchuma majani siyo kitu cha kufanya kichwa kichwa. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, na konokono wanaokibeba hupenda kukaa kwenye mimea ya maji ya kina kifupi. Mimea ya ziwani huijui imebeba nini, na mikono yako ndiyo itakuwa humo ndani kila wiki. Bora upate kipande kutoka kwenye tanki la mtu unayemwamini. Hata hicho kioshe, kikae ndoo ya pembeni wiki mbili ukibadilisha maji, maana mimea ya dukani nayo huwa imepigwa dawa ya wadudu, na dawa hiyo inaua kamba.

Watu wa Mbinga, baridi isiwatishe. Kamba hawa wanavumilia maji ya nyuzi 18 hadi 26 hivi. Julai watazaa polepole tu. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima. Panda mimea kwanza, washa taa saa sita hadi nane kwa siku, subiri mwezi mzima ndiyo ulete kamba. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanataka kuposti leo leo.

Na ukichoka na tanki, usimwage mtoni wala ziwani. Magugu maji yaliyowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambaa duniani kwa watu kupenda maua yake. Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, mbuna wakiwemo. Mimea usiyoitaka ianike juani ikauke kabisa, kisha itupe kwenye migomba.

Wenye mosi ya kugawa Songea na Mbinga, jitokezeni hapo chini.