Mshauri wa Kukufaa



Mwezi uliopita mama mmoja wa kijijini alinijia na shida, naye amenipa ruhusa kuieleza hapa. Binti yake ameolewa Dar es Salaam, anakaa Mbagala, upande wa Temeke. Tangu ajifungue, miezi mitatu, hapati usingizi hata mtoto alalapo. Hulia bila sababu, na asema hafai kuwa mama. Majirani kila mmoja ana shauri lake: huyu asema aende kwa mganga, huyu asema akeshe kwenye maombezi, huyu asema arudishwe kwao. Mama akaniuliza, "Nimpeleke kwa nani?"

Swali jema. Anayetaka mlango hamwiti mfinyanzi. Shida za moyo na akili nazo zina mafundi wake.

Dhambi na mashaka ya imani, nenda kwa padre. Siri ya Kitubio haivunjwi kwa lolote. Naye padre mwenye busara akiona dalili za ugonjwa, humtuma mtu hospitali, wala huko si kukosa imani. Ugomvi wa nyumbani, msiba, au hofu isiyoisha, mtafute mshauri nasaha au mwanasaikolojia, ambaye hutibu kwa mazungumzo. Mtu akikosa usingizi majuma mazima, akiacha kula, au akisikia sauti zisizokuwapo, aonwe na daktari wa magonjwa ya akili, maana huyo aweza kutoa na dawa. Mkaaji wa Temeke aweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na wa Kinondoni aende Mwananyamala. Neno likizidi, hupelekwa Muhimbili.

Huzuni ndogo ya mzazi kwa kawaida huisha katika majuma mawili. Ikizidi hapo, ni ugonjwa, nao hutibika.

Lakini kuujua mlango hakutoshi; mtazame na mtu aliye ndani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 37, atuonya tumchunguze anayetupa shauri, na katika sura ya 38 atufundisha kumheshimu tabibu. Basi, jiulize hivi:

Kwanza, je, amesomea kazi hii?

Pili, je, hutunza siri? Namjua mwanamke aliyemweleza mshauri mmoja habari za ndoa yake, akazikuta bombani kabla ya Jumapili. Tangu hapo alifunga kinywa, akaugua peke yake miaka miwili. Anayekusimulia habari za wengine, kesho atasimulia zako.

Tatu, je, anasikiliza, au ana jibu kabla hujamaliza kusema? Akikutajia jirani aliyekuloga, simama uondoke.

Nne, je, amekuambia gharama mapema, na nauli utaimudu? Kazi hii haiishi siku moja.

Tena mgonjwa mwenyewe aulizwe anamtaka nani. Wako akina mama wasioweza kusema neno mbele ya mwanamume.

Ukienda mara tatu nne na hamwelewani, mwage kwa adabu utafute mwingine. Huko si utovu wa shukrani. Ila dawa usiiache bila kumwambia daktari. Dawa za ugonjwa wa huzuni hukawia majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu.

Jambo moja tu haliruhusu kuchagua. Mgonjwa akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali iliyo karibu saa ile ile, ukiwa usiku au mchana.

Mama yule alipanda basi siku ya Jumatatu, akampeleka binti yake hospitali. Binti alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akamwuliza nesi neno moja: "Mume wangu ataambiwa?" Nesi akajibu, "Ukitaka wewe." Ndipo akaingia, akaketi.