Kupungua si Kuugua

Mtu akipungua mwili hapa kwetu Kwale, swali la kwanza analoulizwa ni, "Kwani unaumwa?" Kisha hufuata minong'ono. Akiwa mwanamke, husemwa kwamba mumewe hamtunzi. Akiwa mwanamume, husemwa kwamba amefutwa kazi hotelini. Isitoshe, wengi wetu hatujasahau miaka ya 1990, ukimwi ulipowakondesha jamaa zetu tukiwatazama. Hofu hiyo ina asili yake, lakini leo inatudhuru.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 38.5 ya wanawake wazima nchini Kenya, na asilimia 17.5 ya wanaume, wana uzani uliozidi kiasi. Mafuta yanayorundikana tumboni huandamana na ugonjwa wa sukari na presha, maradhi yanayoweza kujificha kwa miaka bila dalili yoyote.

Kwa maoni yangu, anayetaka kupungua hana budi kwanza kuishinda hofu ya maneno ya watu. Anayeogopa maneno huanza kwa siri na kwa pupa. Hushinda njaa siku tatu, au hunywa majani ya kuharisha aliyouziwa sokoni. Majani hayo hutoa maji mwilini, si mafuta. Wiki ya pili kilo zote zimerudi.

Anza na kikombe cha chai. Kijiko kimoja cha sukari ni kama gramu 4. Ukitia vijiko 3 na kunywa vikombe 4 kwa siku, umemeza gramu 48. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana asifikie hata nusu yake. Nawe bado hujagusa hamri wala soda! Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Kisha angalia karai. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na kuziunguza huhitaji karibu nusu saa ya kutembea. Sisemi uache viazi karai na bhajia milele. Viwe vya siku moja moja, si vya kila jioni. Wali wa nazi nao usijaze sahani. Nusu ya sahani iwe mchicha, mtsunga au mboga nyingine, na samaki achomwe badala ya kukaangwa.

Tatu ni miguu. Tangu bodaboda zienee, tumesahau kutembea. Kutoka Ukunda hadi ufuo wa Diani si mbali, lakini ni wangapi kati yetu wanaokwenda kwa miguu? Maji yakipwa, mchanga huwa mgumu na mzuri kwa kutembea, wala hapana kiingilio. Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, yatosha.

Usikimbilie kupungua kilo 10 kwa mwezi. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzani wao, na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 85, hiyo ni kama kilo 6 tu. Kama huna mizani, azima futi ya fundi wa nguo ujipime kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80, na mwanamume 94, ni wakati wa kuanza.

Hata hivyo, ikiwa unatumia dawa za sukari au presha, una mimba au unanyonyesha, pata ushauri kwanza katika zahanati iliyo karibu au hospitali ya Msambweni. Na anayekonda bila kukusudia asingoje. Huyo ni wa kupimwa haraka.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukipunguza. Nanyi majirani, mkimwona mwenzenu amepungua naye ana nguvu zake, acheni minong'ono. Mwulizeni alianzaje.